Kitambaa cha Bluu Kwenye Hesabu ya Joto

Makobola, Jumapili baada ya misa

Mwanangu mpendwa Divine,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa mkono wa Irakoze, ambaye kesho anapeleka samaki wake wa ndagala Luvungi. Ameniahidi kwamba atateremka Katogota akupe barua hii mkononi, si kwa jirani wala kwa mlinzi wa shule. Natumaini imekukuta mzima. Kile kikohozi cha vumbi la barabara kimekuacha? Na miguu, bado inavimba ukisimama mbele ya wanafunzi toka asubuhi? Uwe unailoweka kwenye maji yenye chumvi, kama nilivyokuonyesha. Watu wanaotoka huko wanasema mpunga wa bonde la Ruzizi umestawi mwaka huu. Nimefurahi, maana najua wewe ni mtu wa wali kuliko ugali, na baba yako alikuwa akikutania kwa hilo, akisema nilimzalia mgeni.

Sisi huku tunaendelea. Goti langu linanisumbua mvua ikikaribia, likipoa nasahau. Mihogo ya upande wa mlimani nimeing'oa, ya chini nimeiacha kwanza. Mama mdogo wako Sabine anakusalimu. Maji ya ziwa yamerudi nyuma kidogo huko kwake Kavimvira, na amerudi kulala ndani ya nyumba yake, ila ukuta umebaki na mstari wa tope kote kote, juu kidogo ya kitanda. Ameupaka chokaa, mstari ukatokea tena. Anasema ameuzoea.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia wakati simu iko. Kwenye simu wewe unacheka kwanza, na ukicheka nasahau nilichotaka kusema. Kisha mtandao unakatika, nabaki nimeshika simu kama mtu aliyeshika kikombe kisicho na chai. Kwenye karatasi hakuna wa kunikata. Kwa hiyo kaa, usome polepole mpaka mwisho, na usimpe Irakoze jibu la haraka haraka.

Habari yangu inaanzia kwenye nywele za Anne, binti wa jirani yetu Dieudonné mshona nyavu. Mwaka huu anafanya mtihani wa Taifa. Anakuja nimsuke, na kwa kuwa hataki kupoteza wakati, anakaa chini kati ya magoti yangu akisoma hesabu za fizikia kwa sauti. Mimi na Kifaransa changu cha shule ya msingi nadaka ninachodaka. Lakini napenda asome. Inanikumbusha nyumba yetu ilivyokuwa na kelele.

Siku hiyo akasoma hesabu ya kamyo la simenti lililobeba wageni wa arusi kutoka Makobola kwenda Uvira. Ng'ombe anakatiza barabara, dereva anakanyaga breki, mwanafunzi atafute nguvu ya breki. Anne akacheka akaniuliza ni watu gani hao wanaokwenda arusini juu ya simenti. Mikono yangu ikasimama kwenye nywele zake.

Divine, watu hao ni sisi. Gari tuliloahidiwa lilikuwa limekwama kwenye matope, baba yako akapata kamyo la simenti. Mimi nilikaa mbele nimekunja shela langu mapajani lisishike vumbi. Ng'ombe alipokatiza, kwaya nzima iliangukiana juu ya mifuko, mama mkubwa akapoteza kiatu kimoja. Na baba yako, bwana arusi ndani ya suti ya kuazima, kabla hata ya kuniuliza kama nimeumia, alimuuliza dereva tulikuwa tunakwenda kasi gani. Nilimnunia mpaka kanisani. Padri alidhani naolewa kwa nguvu.

Nikamwambia Anne asome nyingine. Akasoma ya mama wa sokoni anayening'iniza gunia la ndagala kwenye mizani. Hiyo pia naijua, nilikuwepo nikibeba kikapu. Nikamwomba anionyeshe jalada. Jina lililokuwa pale halikuwa la baba yako Eugène. Lilikuwa la Jean-Berchmans.

Kwako wewe sina haja ya kueleza baba yako alikuwa mtu wa namna gani, lakini niache nieleze, maana nikiandika namwona. Kozi ile, kitabu cha fizikia cha wanafunzi wake, aliianza ungali unanyonya. Alikuwa akiandika kwenye meza ya kulia, nami nikihitaji meza anahamia kwenye kizingiti cha mlango. Alitaka watoto wa huku wapate hesabu zenye vitu wanavyovijua, na kila kitu kiandikwe kama kinavyoandikwa duniani kote. Nambari, kisha nafasi, kisha kipimo. Darasani alirudia neno hilo mpaka wanafunzi wakamwita Prof Nafasi. Akichelewa misani, benchi zimejaa, vijana walikuwa wananong'onezana nyuma, "Muache nafasi! Muache nafasi!" na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka. Siku moja pale sokoni aliona gunia la sukari limeandikwa 50KGS, yote yamebanana. Akaomba chaki, akaandika mlangoni kwa mfanyabiashara 50 kg, vizuri, kwa herufi ndogo. Yule bwana akamuuliza, "Prof, hiyo S umeikata, nani ataninunulia?" Soko zima likaangua kicheko.

Nilimuuliza siku moja nafasi hiyo inasaidia nini, mbona nambari na kipimo ni kitu kimoja. Akaniambia ni kama mimi na yeye tukiingia kanisani. Tunaingia pamoja, lakini hakuna aliyepanda mgongoni kwa mwenzake. Nilikuwa nakaanga samaki, nikamwambia aniachie nafasi nami nipite na mafuta ya moto.

Na wewe alikufundishia pale pale kwenye kizingiti, miguu yako haijafika chini. Kale kaduara kadogo ka digrii alikuambia ni kofia. Celsius anavaa kofia, na hatembei bila C yake. Kelvin anakwenda kichwa wazi, kwa sababu yeye anaanza kuhesabu kutoka mahali pasipo joto lolote. Ukawa unakimbia uani unamvua kila mgeni kofia, unamwambia wewe ni Kelvin. Babu yako wa Lubarika alikasirika sana.

Jean-Berchmans alikuwa rafiki yake tangu masomoni, na kila Jumapili alikuja kula maharage yetu na kubishana. Yeye aliwavalisha wote kofia, Celsius na Kelvin, kila mwaka, kwenye kila ubao. Baba yako alimwambia, "Weye, unamvisha mzee wa watu kofia ambayo hakuiomba." Naye akajibu, "Minye nafundisha watoto, sifundishi kofia. Leta pilipili." Hivyo ndivyo walivyopendana.

Sasa unielewe nilipoona jina lake kwenye jalada. Kwanza sikufikiri wizi. Nilifikiri muujiza, kwa sababu mimi nilijua kwamba kozi ile ilikufa. Siku ya kuondoa matanga, wajomba na baba zako wadogo walipogawa vitu vya marehemu, baba yako mdogo Franck alichukua koti, redio ikaenda Lubarika, na valizi, sanduku lake la makaratasi, ukapewa wewe mbele ya watu wote, kwa sababu ni wewe peke yako uliyeweza kusoma mwandiko wake wa mwisho. Ulipiga magoti ukaipokea kwa mikono miwili. Ukaenda nayo Kavimvira kwa Sabine, ulikokuwa unakaa. Kisha ziwa likapanda.

Nakumbuka simu yako. Ulilia mpaka sikuelewa maneno. Ulisema maji yaliingia mnakolala, valizi ilikuwa chini, makaratasi yote yamekuwa uji. Nilikwambia usilie, mwanangu, makaratasi si mtu. Kisha nikaenda kulia peke yangu nyuma ya nyumba, maana kwangu yalikuwa mtu. Ulipokuja uliniletea ukurasa mmoja, ukasema umeuokoa, umekauka na kujikunja, wino umesambaa. Ni ule wa vipimo vya joto, wenye kofia. Nimeuweka kwenye kitabu changu cha misa, mahali pa Zaburi. Nimekuwa nikiugusa kila asubuhi.

Basi nikapanda gari nikaenda Uvira kwa Jean-Berchmans. Sasa ni prefe, mkuu wa shule ya sekondari, ana ofisi yenye pazia. Alifurahi kuniona, akatuma Fanta, akaniambia, "Keti kwanza, Mama Divine, hapa ni kwenu." Sikuketi. Niliweka kitabu cha Anne juu ya meza yake nikamuuliza kama alikuwepo kwenye kamyo la simenti siku ya arusi yangu. Akasema alikuwepo, alikuwa kwenye kwaya, na kiatu cha mama mkubwa kilimpiga puani. Nikamwambia kwamba kuwepo kwenye kamyo hakumfanyi mwenye arusi.

Nilisema mengi, Divine. Nilimwambia alikula maharage ya mtu kisha akamla mwenyewe. Nilimfungulia ukurasa wa joto, nikamwonyesha Kelvin kichwa wazi toka mwanzo mpaka mwisho, nikamwambia hata mwizi angebadilisha kidogo, tangu lini yeye akaandika hivyo. Hapo akacheka, kicheko kisicho na furaha, akasema alitaka kweli kuwatia kofia kama alivyozoea, lakini alikatazwa. Nikamuuliza nani wa kumkataza prefe. Akachezea kifuniko cha Fanta.

Mwishoni akasema hakuiba kitu. Kozi ililetwa kwake imekwisha kuchapwa kwenye kompyuta, ndani ya kle, kale kadude kadogo ka kuchomeka, na aliyeileta ndiye aliyemwomba atie jina lake. Alisema wakubwa wa mambo ya vitabu wanataka mwandishi aliye hai, anayeweza kuitwa akaja kujibu maswali, na kwamba kitabu cha marehemu kingebaki chini ya kitanda mpaka panya wamalize. Nikamuuliza ni nani aliyeleta. Akasimama, akaangalia dirishani, akaniambia, "Muulize yule unayeitwa kwa jina lake."

Nilimtemea maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia ameiba kitabu, sasa anaiba na mtoto. Nilitoka bila kugusa Fanta, na kwenye gari la kurudi niliwaeleza abiria wote, hata wale ambao hawakuuliza. Kanisani niliwaeleza wamama. Josée, mke wake, alinisalimu Jumapili iliyofuata, nikampa mgongo. Hivyo ndivyo nilivyokutetea.

Kisha nikakumbuka kuku. Ulipopata kazi hapo Katogota, bila mtu wala jamaa kwenye shule hiyo, ulisema Papa Jean-Berchmans amekuombea nafasi kwa mkuu wa shule, kwa ajili ya urafiki na marehemu. Nilichukua yule jogoo mwekundu nikampelekea kwa shukrani. Alimpokea akiangalia chini. Nilidhani ni heshima.

Hata hivyo sikutaka kuamini. Nilimwomba Anne aniazime tena kitabu siku za mapumziko yake. Nilikuwa natafuta kitu cha kukuosha, Divine, si cha kukuhukumu. Nilikifungua mchana nikiwa nimekaa kwenye kizingiti, nikawa nakisoma na kidole, neno kwa neno, na lile nisilolijua nampigia Sabine. Nilikuta mengi ya nyumba yetu. Nilikuta sufuria yangu yenye mpini uliovunjika. Nilikuta ngazi ya mnara wa kanisa. Nikamshukuru Mungu kwa kila moja, hata kama jina ni la mwingine. Mpaka nikafika kwenye sura ya joto, karibu na mwisho wake.

Hesabu inasema hivi, nami nimeigeuza kwa Kiswahili kama nilivyoweza. Mgonjwa ana joto la 39,5 °C. Anawekewa kwenye paji la uso kitambaa cha bluu kilicholowa, chenye maji ya masi 0,20 kg, kwenye 24 °C. Baada ya muda maji ya kitambaa yamefika 36 °C. Tafuta kiasi cha joto ambacho maji yamepokea. Usisahau kipimo.

Niliweka kitabu chini nikaenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Baba yako hakuiandika hesabu hii. Asingeweza. Wiki ile ya mwisho wake hakushika kalamu, hata kijiko tulimshikia. Na angekuwa ameiandika yeye, asingetia rangi, kwa sababu alikuwa akifuta kila kitu ambacho hesabu haikihitaji, na maji hayajui kama kitambaa ni cha bluu. Bluu hiyo naijua mimi na unaijua wewe. Ni sketi yako ya shule, ile ya mwaka wa mwisho. Nilipokosa kitambaa laini, ulienda mwenyewe ukaikata kwa mkasi wa samaki, ukaniletea kipande, ukasema huna shule tena ya kuivaa. Chumbani tulikuwa sisi watatu na muuguzi Alliance, naye alikuja na kutoka. Asingejua ni sketi.

Alliance alipotoa kile kipimajoto kwapani akasema, "Thelathini na tisa na nusu." Sisi tukadhani baba yako amelala. Akauliza bila kufungua macho, "Thelathini na tisa na nusu nini?" Wewe ukamjibu, "Celsius, Papa, na kofia yake." Akatabasamu. Ilikuwa mara ya mwisho niliyoona meno yake. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa.

Kwa hiyo ni wewe. Valizi haikuloana. Ziwa lilipanda kweli, tope liko ukutani kwa Sabine, lakini yeye nimemuuliza jana bila kumwambia sababu, akanijibu kwa moyo mweupe kwamba maji yalipoingia wewe ulibeba valizi kichwani ukavuka nayo, na alikusifu sana kwa majirani. Nakuuliza jambo moja, na ndilo linalonikosesha raha kuliko jina la jalada. Ule ukurasa nilioweka kwenye Zaburi, ulimwagia maji wewe mwenyewe? Ulisimama mahali fulani na bakuli, ukaumwagia, ukaukausha juani, ili mama yako apate kitu cha kulilia?

Jean-Berchmans ametia jina mahali pasipo lake, atajibu kwa Mungu, na mimi nitamwendea Josée kumwomba radhi, kwa sababu yeye hakunikosea. Lakini Jean-Berchmans hakunizaa wala sikumzaa. Watu hapa Makobola hawaniiti Geneviève. Kisimani, kanisani, kwenye mashua, naitwa kwa jina lako. Tangu juzi kila mtu akiniita nashtuka kama aliyeguswa na maji baridi.

Nimejaribu kukuelewa. Labda uliogopa panya kweli. Labda ulijiambia kwamba afadhali hesabu zake zifike kwa akina Anne na jina la mwingine kuliko zibaki kwetu na jina lake. Labda ulitaka kazi, na huna dhambi ya kutaka kazi. Ungekuja kuniambia. Ningelia, ningekasirika, ningekunyima chakula jioni moja, kisha ningekuuliza ngazi ya mnara umeiweka ukurasa gani. Umeninyima hata hilo. Uliniacha niomboleze mara ya pili kitu ambacho kilikuwa hai ndani ya kle mfukoni mwako.

Na bado, hesabu yako nimeisoma mara nyingi mpaka naijua kwa moyo. Umeandika vizuri. Nafasi zote umeziacha. Angekupa alama zote, kisha angekata ile bluu kwa kalamu nyekundu, nami ningemwambia aiache.

Sitakwenda kwa wakubwa wala kukushtaki kwa wajomba. Nataka vitu viwili. Uende na Jean-Berchmans, kwa miguu yenu, mseme palipo lazima kwamba kitabu ni cha Eugène, na kikichapwa tena kitoke na jina lake, hata kama kazi ya Katogota itakutoka mkononi. Mihogo ya chini bado iko, hatutakufa. Na uje nyumbani siku ya marehemu wote. Nyuma ya kitabu kuna majibu ya hesabu zote, nimeangalia, isipokuwa hiyo ya kitambaa. Pale kuna nambari yake, kisha patupu. Nimemuuliza Anne, akasema ni rahisi, anaweza kunifanyia mara moja. Nimemkataza. Utakuja ukae kwenye kizingiti, unifanyie wewe. Nataka nijue kitambaa kile kilimtoa joto kiasi gani, kwa sababu mimi nilidhani hakikusaidia kitu. Na usisahau kipimo.

Uwasalimu walimu wenzako na mama unayepanga kwake. Sabine anakusalimu, Dieudonné na Anne pia, naye Anne anasema akifaulu atakuja kukuona. Funika maji ya kunywa. Vaa viatu kwenye matope ya mpunga, kuna miiba. Mungu akulinde njiani ukija.

Nimetia hapa chini jina langu la ubatizo. Lile lingine nimekuwekea mpaka ufike.

Mama yako,

Geneviève